Imani ya Wazazi wa Chekechea ya Tabasamu

Nchi yetu ni nzuri na haina matatizo. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akadhani kwamba ninachotaka kusimulia ni tatizo. Ni jambo tu lililotokea, likashughulikiwa, likafungwa. Jina la nchi silitaji kwa sababu liko kwenye kamati linajadiliwa, na mpaka kamati imalize tumeombwa tuiite "nchi yetu" na tuone fahari.

Mimi ni karani. Niko Ofisi ya Malalamiko ya Wilaya, chumba namba tatu, meza ya kwanza ukiingia. Kwa miaka kumi na mmoja niliyokaa pale nimepokea malalamiko mengi sana, na halijapata kuonekana hata moja lenye ukweli, jambo linalodhihirisha jinsi mambo yanavyokwenda vizuri.

Stamili ni mke wa rafiki yangu Kibwana. Mimi na Kibwana tulikulia mtaa mmoja. Yeye akaingia bendi ya serikali kupuliza tarumbeta, mimi nikaingia ofisini. Stamili anapiga pasi katika dobi ya serikali, mahali zinapofuliwa suti za waheshimiwa. Wana mtoto mmoja tu, Tunu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne na miezi miwili, na alikuwa msemaji kuliko Baraza la Mawaziri. Alizungumza na kuku, na ndoo, na viatu vyake. Nikipita kwao asubuhi alikuwa ananisimamisha getini.

"Ba'mdogo, kwa nini kalamu yako imevaa kofia?"

"Isipate baridi," namjibu.

"Na wewe ofisini kwenu kuna baridi?"

Maswali ya namna hiyo. Mtu unafika kazini umechelewa lakini umecheka.

Sheria yetu inataka kila mtoto wa miaka minne awe chekechea. Kila mtaa una chekechea yake moja, na mtoto haruhusiwi kuandikishwa katika chekechea ya mtaa mwingine, ili kulinda uhuru wa wazazi wa kuchagua. Mtaani kwa Kibwana ni Chekechea ya Mfano ya Tabasamu, yenye nyota saba za ubora. Nchi nyingine huishia nyota tano, nasikia, lakini sisi tuliona huo ni ubahili.

Tunu alianza pale mwezi wa kwanza. Kufika mwezi wa tatu alikuwa haniulizi tena kitu.

*

Stamili kwanza alidhani ni malaria. Akampeleka zahanati, wakampima, hana. Akadhani ni minyoo, akampa dawa. Mtoto alikula kidogo, alilala kidogo, na ukimwita alikuwa anashtuka kama aliyeitwa na polisi.

Halafu siku moja jioni, akimwogesha, Stamili aliona alama upande wa ndani wa mikono yake, pale penye nyama laini, ambapo shati la mikono mirefu huficha. Zilikuwa ndogo ndogo, mbili mbili, kama za kucha za kidole gumba na cha shahada. Nyingine zimekauka. Nyingine mbichi.

"Umeumia wapi, mama?"

Tunu alipokwisha kukaushwa alivichukua viatu vyake, vile vile alivyokuwa akizungumza navyo, akavitia ndani ya sanduku la nguo, akafunga kifuniko na kukikalia.

"Mmeongea," akaviambia. "Mtakaa humo mpaka mnyamaze."

Stamili akachuchumaa mbele yake na taulo mkononi. "Tunu, nani huwa anawekwa ndani?"

"Waongeaji."

"Wanawekwa wapi?"

"Stoo. Kwenye mafagio. Kuna giza."

"Na wewe umewahi kuwekwa?"

Mtoto akatazama mlango kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana: "Mwalimu Pelagia kasema ukisema nyumbani, siku hiyo mama yako haji kukuchukua."

Stamili alinisimulia kwamba aliposikia hivyo hakulia wala hakupiga kelele. Alimvisha mtoto, akampa uji, akakaa naye. Kibwana aliporudi kutoka mazoezini alimkuta mkewe amekaa sakafuni, mtoto amelala mapajani, na viatu vimewekwa juu ya meza, mahali penye mwanga.

*

Asubuhi Stamili alikwenda kwa Bi Dafroza, mkuu wa chekechea. Bi Dafroza ni mama mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa, na alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti cha watoto kwa sababu viti vya watu wazima vilikuwa vimeazimwa na wizara.

"Stoo?" alisema Bi Dafroza. "Hapa hatuna stoo, Mama Tunu. Tuna Chumba cha Vifaa."

"Basi mwanangu anafungiwa kwenye Chumba cha Vifaa."

"Haiwezekani. Kwa mujibu wa mwongozo, chumba kile kinawekwa vifaa. Mtoto si kifaa. Kwa hiyo mtoto hawezi kuwemo."

"Ana alama za kufinywa mikononi, Bi Mkuu. Njoo nyumbani uzione, au nimlete hapa."

"Watoto wana ngozi nyepesi siku hizi. Ni lishe." Akamsogezea bakuli la peremende. "Hebu niambie, mwenzangu. Kati ya mtoto wa miaka minne na mwalimu mwenye vyeti vitano, wewe unamwamini nani?"

"Mwanangu."

Bi Dafroza alishusha pumzi kwa huruma. Akafungua daftari, akaandika mstari mmoja, na Stamili akausoma akiwa amekaa chini chini pale, kichwa kikiwa sawa na meza: *Mzazi ameanza kuonyesha dalili.*

Wakati anatoka alimwona Mwalimu Pelagia mwenyewe uani, amewapanga watoto mstari. Mwanamke mwembamba, nadhifu, mwenye ndara zisizotoa sauti. Alimpungia Stamili mkono akitabasamu. Watoto wote thelathini na wawili walikuwa kimya kiasi kwamba bendera ilisikika ikipepea.

*

Siku ya pili walikuja ofisini kwangu, mke na mume na mtoto. Niliwapokea kama raia wengine, maana kazini hakuna urafiki, nikawapa Fomu Namba Tisa: Lalamiko la Jambo Lisilotarajiwa.

Kibwana aliisoma mpaka chini. "Rafiki yangu, hapa panataka saini ya anayelalamikiwa."

"Kuthibitisha kwamba amekubali kulalamikiwa," nikamweleza. "Ni haki yake."

"Na hapa, mashahidi wawili wenye umri usiopungua miaka kumi na minane waliokuwepo darasani."

"Ndiyo, wawili tu wanatosha."

"Darasani kuna watoto na Mwalimu Pelagia!"

"Basi huyo mmoja tayari unaye."

Kibwana ni mtu mpole, tangu utotoni sijamwona akigombana. Alikuwa ananiambia kwamba akikasirika midomo inakufa ganzi na hawezi kupuliza. Siku ile aliifuta midomo yake kwa kiganja, mara mbili, mara tatu.

"Shemeji," Stamili akasema, "tufanyeje?"

Nilimwonea huruma, nikamwonyesha njia. Fomu ile inataka maelezo ya mhusika kwa maandishi ya mkono wake mwenyewe, lakini kuna kiambatisho kinachosema asiyejua kuandika anaruhusiwa kuchora. Nikampa Tunu karatasi na kalamu yangu. Aliipokea bila kuuliza lolote juu yake. Akachora mtu mkubwa amesimama. Kando ya mtu akachora sanduku, na ndani ya sanduku akachora kitu kidogo cha mviringo chenye macho, bila mdomo.

Nikaupiga mhuri mchoro ule na kuupeleka wizarani, kwa Mtaalamu wa Michoro ya Watoto na Ramani za Barabara. Majibu yalirudi baada ya wiki tano, kurasa kumi na nne. Mtaalamu alisema mtu aliyechorwa ana vidole sita mkono wa kulia. Mwalimu Pelagia alihesabiwa vidole mbele ya mashahidi akaonekana ana vitano. Kwa hiyo mchoro unamhusu mtu mwingine, ambaye serikali inaendelea kumtafuta.

Muda wote huo Tunu alikuwa anakwenda chekechea. Ilibidi aende.

*

Hata hivyo serikali yetu ni sikivu. Ilipopata habari kwamba kuna mzazi mwenye wasiwasi, iliunda tume, ikaiita Tume ya Kuthibitisha Imani ya Wazazi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lugendo, kanali mstaafu, daktari wa heshima, mtu aliyeongoza tume ishirini na tatu bila kukosea hata moja. Mimi niliteuliwa katibu. Chekechea ilipewa taarifa wiki tatu kabla, ili ukaguzi uwe wa kushtukiza lakini usimshtue mtu.

Tulipofika tulikuta Chumba cha Vifaa kimepakwa rangi ya kijani na mlangoni kimewekewa kibao kipya: *Chumba cha Tafakari.* Mafagio hayakuwepo. Watoto walikuwa wamepangwa uani, na Mzee Lugendo akawauliza kwa upole, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba: "Watoto, mnampenda mwalimu wenu?"

"Tunampendaaa!"

Nilimwona Tunu mstari wa tatu. Midomo yake ilikuwa inafunguka nyuma kidogo ya wenzake, kama mtu anayeimba wimbo asioujua.

"Imeandikwa?" mwenyekiti akaniuliza.

"Imeandikwa, Mheshimiwa. Wote, kwa sauti moja."

Kisha tukaenda kukagua chumba. Ni chumba kidogo, hakina dirisha. Mzee Lugendo aliingia peke yake kwa kuwa wawili hawatoshi. Bi Dafroza akasema, "Ili Mheshimiwa aone utulivu wake, tuurudishe mlango kidogo," akaurudisha. Komeo likaanguka. Komeo lenyewe liko nje, na swichi ya taa nayo iko nje. Wakati ule ule Mwalimu Pelagia akawaanzisha watoto wimbo wa kuwakaribisha wageni, na wajumbe wakaitwa barazani kwenye soda na biskuti. Kila mjumbe alidhani mwenyekiti yuko na mjumbe mwingine. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, niliyaandika hata maneno ambayo angeyasema.

Nilipomaliza biskuti nikahitaji saini yake. Nikazunguka nyuma. Wimbo wa tatu ulikuwa unaendelea, na kwa chini yake nikasikia mlango unagongwa. Haukugongwa kwa ngumi, ulikuwa unapigwapigwa kwa kiganja, polepole, kama mtu aliyekwisha kugonga kwa nguvu akachoka.

Nikafungua komeo. Mzee Lugendo alikuwa amekaa sakafuni, magoti yameinuka mpaka kidevuni, tai ameilegeza, jasho linamtiririka. Suti yake ya kijivu ilikuwa na rangi ya kijani magotini na kwenye viwiko, na viganja vyake vilikuwa kijani. Alinitazama kana kwamba hajui mimi ni nani wala ni mwaka gani.

Halafu akatazama ukutani, na mimi nikatazama. Chini, usawa wa goti langu, juu ya rangi ile mpya, kulikuwa na alama za viganja. Si vyake. Viganja vidogo, vingi, vingine vimeteleza kuelekea chini.

"Rangi hii ilipakwa lini?" akauliza.

"Jumatatu, Mheshimiwa. Ipo kwenye taarifa."

Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Nikamnyooshea mkono akasimama, akajipangusa, akafunga tai yake vizuri. "Funga mlango," akaniambia. Nikafunga. Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika: *Mwenyekiti alikikagua chumba kwa kina.*

*

Suti ya Mzee Lugendo ilipelekwa dobi ya serikali, na ikaangukia meza ya Stamili. Kwa kawaida wakubwa hutuma dereva, lakini safari hii mzee alikuja mwenyewe kuichukua. Haya nayasema kama Stamili alivyonisimulia, na sina sababu ya kutomwamini, ingawa kikazi siruhusiwi.

Stamili alikuwa ameitandika suti juu ya meza. "Mzee," akasema, "rangi hii naijua."

"Rangi ni rangi tu, mama."

"Niliitoa kwenye kucha za mwanangu Jumanne, kwa mafuta ya taa."

Mzee Lugendo akanyoosha mkono kuchukua suti. Stamili hakuiachia.

"Ulikaa mle kwa muda gani, mzee?"

Kanali alitazama huku na huku. Mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna aliyewasikia. "Dakika kumi na moja," akasema.

"Mwanangu hajui kuhesabu dakika. Ananiambia alikaa mpaka wimbo ukaisha, wakaimba mwingine ukaisha, wenzake wakala, wakaosha mikono, wakalala, wakaamka."

Mzee alikuwa na umri wa kuwa baba yake.

"Mwanangu," akamwambia, "ripoti ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kabla hatujaenda. Mimi nilikwenda kuitia saini."

"Basi sasa sema. Wewe watakusikiliza. Ulikuwemo!"

"Nikisema, atateuliwa mwenyekiti mwingine." Akafikiri kidogo. "Na huyo hatafungiwa."

Stamili akaiachia suti. Mzee akaikunja mkononi, akageuka kuondoka, akarudi.

"Hili doa," akauliza, "limetoka lote?"

"Limefifia, mzee. Kutoka halitoki."

*

Ripoti ilitangazwa redioni. Imani ya wazazi kwa Chekechea ya Tabasamu ilipimwa ikaonekana ni asilimia tisini na tisa nukta sita. Hiyo nukta nne iliyopungua ilielezwa kuwa imesababishwa na mvua. Ili kuziba pengo hilo, wizara iliagiza kila mzazi atie saini Hati ya Imani, kwamba anaamini, ameamini, na ataendelea kuamini.

Stamili hakutia. Alifanya jambo ambalo hakuna mzazi wa mtaa ule aliyewahi kulifanya: hakumpeleka tena Tunu chekechea. Kila asubuhi akaenda naye dobi, akamkalisha nyuma ya mashine kubwa, katikati ya makapu ya nguo, na mpiga pasi mwenzake akawa analinda mlango.

Siku tatu za kwanza mtoto alikaa kimya humo kama mzigo. Siku ya nne Stamili akamsikia anazungumza kwa sauti ya chini. Akachungulia. Tunu alikuwa ameinamia kapu, anauliza: "Kwa nini una masikio na husikii?"

Jioni ile Kibwana alikuja kwangu mbio. Alinishika mabega. "Ameongea! Ameliuliza kapu swali!" Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Nami nilifurahi, nikakumbuka kwamba sikusikia kitu.

Siku ya tisa walikuja Maafisa Mahudhurio wawili, na futi ya fundi cherehani. Walimpima Tunu urefu kwanza, wakaridhika kwamba ni mtoto wa miaka minne. Kisha wakasoma barua. Mtoto wa mzazi asiye na imani, barua ilisema, yumo hatarini, kwa kuwa anaishi na mtu asiye na imani. Hivyo atachukuliwa na kupelekwa Kituo cha Malezi cha Taifa, kule milimani, alale huko huko, mpaka imani ya mzazi itakaporejea na kuthibitishwa na tume. Na Kibwana, mtumishi wa bendi ya serikali, atapumzishwa. Walipewa mpaka saa kumi alasiri wawe wametia saini Hati ya Imani.

"Milimani wapi?" Stamili akauliza.

"Ni kuzuri," afisa mmoja akamwambia. "Kuna ukungu."

"Tutaruhusiwa kumwona?"

"Imani ikirejea."

Hati niliwapelekea mimi mwenyewe, maana niliona ni vema wapate kwa mkono wa mtu wanayemfahamu. Nikafuatana nao kwenda kuitia saini, na pale dirishani pa ofisi ya mtaa kulikuwa na foleni ya wazazi wengine waliochelewa kutia saini, wengine walisahau, wengine walisafiri. Mama mmoja mwenye mapacha alimsogelea Stamili, akamnong'oneza bila kumtazama.

"Wangu walikuwa wanawekwa wote wawili. Nashukuru Mungu. Angalau wanakuwa pamoja."

"Ulijua?" Stamili akamwuliza. "Kumbe ulijua! Mbona hukusema?"

"Mwakani wanaingia darasa la kwanza," mama yule akasema. "Tumebakiza miezi minane. Tunavumilia."

Nyuma yake baba mmoja alikohoa. Na mwingine. Stamili akageuka kuitazama foleni yote, mtu kwa mtu, na kila mtu aliyetazamwa akaangalia kiatu chake. Kibwana akatia saini. Kisha akampa mkewe kalamu, na kwa mkono mwingine akamshika kiuno, maana alimwona anayumba.

Saa kumi kasoro dakika sita niligonga mhuri.

*

Serikali haikutaka jambo zuri kama hili lipite kimyakimya. Ikatangazwa Siku ya Imani, na sherehe ikafanyika uwanjani, mchana, jua likiwa juu kabisa. Mwalimu Pelagia alikuwa anatunukiwa Nishani ya Malezi, Daraja la Kwanza. Mheshimiwa Waziri wa Malezi, Utulivu na Takwimu alikuja na msafara wa magari kumi na tisa, na akahutubia kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "zipo nchi ambako mzazi akimwacha mtoto wake chekechea, anaondoka na hofu. Anajiuliza, je, mwanangu yuko salama? Sisi tumemwondolea mzazi mzigo huo wa kujiuliza. (Makofi.) Imani ni msingi! Imani ni nguzo! Na imani, ndugu zangu, ni paa! Mtu aliye ndani ya imani hanyeshewi! (Makofi.) Na nasema bila kumung'unya maneno: mtoto anayenyamaza ni mtoto aliyelelewa!"

Ikafika wakati wa nishani. Bendi ilitakiwa kupiga saluti ya heshima, na saluti ile huanzishwa na tarumbeta moja peke yake. Mpiga tarumbeta huyo ni Kibwana. Alisimama, akainua chombo. Waziri alimvisha Mwalimu Pelagia nishani, na Kibwana akapuliza.

Alipiga vizuri ajabu. Sauti ilipanda safi, ikakaa juu, ikashuka bila kukatika hata mahali pamoja. Waziri mwenyewe aligeuka kutazama ni nani. Baadaye Kibwana aliniambia kwamba tangu asubuhi alikuwa amepanga akosee. Hata noti moja tu, aiharibu, watu wasikie. Lakini midomo ilikataa. Miaka kumi na sita imezoea kupiga sawa, na siku ile haikufa ganzi hata kidogo.

"Sasa," Waziri akasema, "mzazi mwenye imani anyooshe mkono!"

Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu. Nilipita safu kwa safu na ubao wangu. Mikono ilikuwa juu kila mahali. Wazazi wa mapacha walinyoosha yote minne. Nilipofika safu ya saba nikamkuta Stamili, mikono iko mapajani. Nikasimama. Kwa kweli nilisimama muda mrefu kuliko utaratibu unavyoruhusu. Macho yake hayakuwa kwangu wala kwa Waziri. Yalikuwa kule mbele, walikopangwa watoto, ambako Mwalimu Pelagia, akiwa na nishani yake kifuani, alikuwa amesimama nyuma ya Tunu na mkono mmoja ameuweka taratibu juu ya kichwa cha mtoto.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya chini. "Wanatazama."

Stamili akanyoosha mkono.

Jumla ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Kibwana hakuweza kunyoosha kwa sababu alikuwa ameshika tarumbeta, lakini nilimhesabu.

*

Kesho yake asubuhi nilitumwa chekechea kupeleka bahasha yenye hesabu ya mikono, ili ihifadhiwe. Nilifika getini wakati mmoja na Stamili na Tunu. Nilisalimia, Stamili akaitikia. Hakuwa amenikasirikia. Ningependa awe amekasirika.

Mtoto hakulia. Hakushika nguo ya mama yake wala hakuburura miguu. Stamili alichuchumaa akawa anamweka sawa kola ya shati, ambayo ilikuwa sawa, akaivuta, akaiweka sawa tena.

"Mama," Tunu akasema.

Lilikuwa neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake tangu alipotoka kwenye makapu yale.

"Abee, mwanangu."

"Jana nilikuona. Ulinyoosha mkono."

Stamili aliacha ile kola. "Ndiyo, mama. Nilinyoosha."

"Ulitaka kuuliza swali?"

Nilijifanya natafuta kitu kwenye bahasha. Nilipomtazama Stamili kwa pembeni nikaona ameirudia tena ile kola.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Nilitaka kuuliza."

"Wakakuruhusu?"

"Hapana."

Tunu akatikisa kichwa polepole, kama mtu mzima aliyesikia habari anayoifahamu. Akampapasa mama yake shavuni, mara moja, vile mtu anavyompoza mwenzake, akaushusha mkono, akaingia ndani kwenda kujipanga mstarini.

Stamili alisimama pale mpaka geti likafungwa, na lilipokwisha kufungwa akaendelea kusimama. Mimi nilikuwa na bahasha ya kukabidhi. Nikapiga hodi.